Sauti za papa ndani ya simu iliyokufa

Mama mumoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliniandikia mimi fundi wa simu juma hii, nafupisha kidogo maneno yake: "Papa yetu alifariki mwezi wa tatu. Alifanya kazi Gécamines (kampuni ya migodi ya serikali) pale fabriki ya Shituru, Likasi, tangu 1974 mpaka 2003, ile mwaka ya départ volontaire (wafanyakazi kuacha kazi kwa kulipwa). Miaka mine ya mwisho alikuwa anatutumia sauti WhatsApp kila siku ya Mungu (jumapili) mangaribi, anaeleza kazi, anaeleza muji, bankambo (mababu), hata politiki. Sikusikiliza zote, nilikuwa najisemea nitasikiliza kiisha. Sasa kura (umeme) ilikatika ikarudi na nguvu, simu ilikuwa kwenye chaji, tangu hapo haiwaki. Fundi mumoja sokoni anataka kuiflashi. Mudogo wangu anasema sauti zimekwenda, nisijisumbue. Je bado ziko? Na kama ziko nitaziweka wapi zisipotee tena, maana papa alikuwaka anasema mambo yetu yote yaliandikwa na Wabelgiji na yako kwao."

Mama, pole sana. Nianzie kwa neno la haraka, mengine yatafuata: hiyo simu usimupe mutu aiflashi. Hata akikuambia ni dakika tano, hata akikuambia ni bure. Usiirudishe kwenye chaji kuona kama leo itawaka, usibonyeze kitufe kila asubui. Iache hivyo hivyo, ifunge kwenye kitambaa kikavu, iweke mahali ambapo watoto hawafiki. Vile unavyonieleza, sauti za papa yako karibu hakika bado ziko mule ndani.

Simu kukataa kuwaka ni jambo moja, simu kufutika ni jambo lingine kabisa, na watu wengi wanapoteza vitu vyao kwa sababu wanachanganya hayo mawili. Kura ikirudi na nguvu kinachoungua mara nyingi ni njia ya kupitisha umeme, pale karibu na tundu la chaji na vidude vinavyogawa umeme kwa simu yote. Chumba cha kutunzia, yaani ile chipu ya memori, kinakuwa kizima, kinakosa tu mutu wa kukifungulia mlango. Sasa kuflashi ni nini? Ni kuandika upya programu ya simu tangu mwanzo, na kwenye simu nyingi kazi hiyo inapitia kufuta kila kitu cha mwenye simu. Inasaidia kama simu iliwaka ikakwama kwenye alama yake, inazunguka tu. Simu ambayo haina umeme haiponi kwa kuflashiwa. Simemi huyo fundi ni mwizi, pengine njo dawa pekee aliyofundishwa, lakini kwa ugonjwa wako hiyo dawa inaua.

Tena kuna jambo ambalo lilibadilika na hata mafundi wengine hawajalisikia vizuri. Zamani, simu za mwaka 2012, 2013 hivi, tulikuwa tunaweza kutoa chipu ya memori, tunaiweka kwenye kisomeo chake na picha zinatoka hata kama simu yenyewe iliungua nusu. Siku hizi hapana. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 kila simu mupya inafunga vitu vyake kwa ufunguo, na ule ufunguo umeshikamana na purosesa ya simu ile ile pamoja na namba yako ya siri. Ukitoa chipu peke yake unapata takataka tu. Ukiflashi ama ukifanya riseti, simu inatupa ufunguo, na hapo hata chipu ikiwa nzima haina maana tena, ni sanduku la chuma ambalo ufunguo wake ulitupwa katikati ya ziwa. Kwa hiyo njia ni moja: simu yako mwenyewe, karta-mama yake mwenyewe (ile bodi kubwa ya ndani), irudishwe uhai hata kwa nusu saa tu, uweke namba ya siri, tutoe vitu.

Na inawezekana. Mwezi jana nilikuwa na simu ya kijana mumoja wa komini Kenya ya hapa hapa Lubumbashi, shida yake sawa na yako. Nilifungua mgongo, nikatoa bateri, nikagusa na multimeta, nikaona umeme unapita moja kwa moja mpaka chini, maana yake kuna mahali paliungana pasipotakiwa. Sasa utapajua namna gani, kwenye karta yenye vidude mamia, vingine vidogo kuliko chembe ya mchele? Tunachukua kolofani, ule utomvu mukavu wa kuchomelea, tunaugusa na feri ya moto mpaka unatoa moshi, karta unaipitisha juu ya moshi taratibu, inabaki nyeupe yote kama imemwagikiwa na unga wa bukari. Kiisha unatia volti moja, si zaidi. Unangoja. Pale palipoungana panashika moto, ule weupe unayeyuka, linatokea doa moja tu, dogo, limelowa, linang'aa. Njo pale. Ilikuwa kondensa moja imekufa. Niliitoa na pinsi, nikasafisha na alkoholi, nikarudisha bateri, taa ya kioo ikatokea. Yule kijana hakusema hata neno, alichukua simu akaweka namba yake ya siri mwenyewe, mikono inatetemeka.

Sitakuahidi kwamba yako itakuwa hivyo. Kama moto ulifika kwenye purosesa ama kwenye memori yenyewe, hakuna fundi wa hapa wala wa Dubai atakayezitoa, na yule atakayekuambia anaweza, anataka pesa yako. Lakini simu nyingi zinazoniletewa kwa ajili ya kura kurudi na nguvu, hazijafika huko.

Hata vile mama, swali langu la kwanza si juu ya simu yako. Soma tena vile uliniandikia: alikuwa "anatutumia". Hukuandika "ananitumia". Basi wako wengine! Sauti ya WhatsApp haikai mahali pamoja, nakala moja inabaki kwa aliyetuma na nakala moja kwa kila mutu aliyepokea na kuifungua. Kwa hiyo simu ya papa iko wapi? Nauliza kwa haraka kwa sababu najua vile tunafanyaka: matanga yakiisha vitu vya marehemu vinagawanywa, koti kwa huyu, redio kwa yule, na simu inaenda kwa mujukuu mumoja aliyefika darasa la kumi na mbili na hana simu. Na mujukuu kitu cha kwanza anachofanya ni riseti, ili awe na nafasi ya michezo na muziki. Hana ubaya, hajui. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, piga simu kwa huyo mutoto, umwambie asiguse kitu.

Kama simu ya papa inawaka, kazi ni nyepesi kuliko unavyofikiri. Usianze kwa kufungua WhatsApp, usianze kwa kuitafutia intaneti. Chukua kamba ya chaji nzuri, unganisha na kompyuta, kwenye kioo cha simu chagua kuhamisha faili. Unaingia kwenye folda ya Android, kiisha media, kiisha com.whatsapp, WhatsApp, Media, na mule utaona folda inaitwa WhatsApp Voice Notes. Kwenye simu za zamani zaidi folda ya WhatsApp iko nje moja kwa moja, huna haja ya kupita kwa Android. Ndani yake kuna vifolda vya juma kwa juma, na kila sauti inaanza na PTT na tarehe yake, mwaka, mwezi, siku, vyote vimeshikana. Sauti ya tarehe 8 mwezi wa 5 mwaka 2022 inaandikwa PTT-20220508 na namba nyingine nyuma. Kwa hiyo hata kama hujui papa alisema nini siku gani, simu ilishakuandikia kalenda, unatafuta tu siku za Mungu. Kopya folda yote, usichague chague, utachagua kiisha. Hizo faili za sauti hazina ufunguo wa WhatsApp juu yake, zikishatoka zinasikilizwa kwenye kompyuta yoyote yenye programu ya VLC, ambayo ni bure.

Juu ya akaunti ya papa, ujue kwamba WhatsApp inafuta akaunti isiyotumika baada ya siku 120, na namba isiyowekwa yunite, kampuni za simu zinakuja kuipa mutu mwingine. Hiyo isikuogopeshe, vitu vilivyo ndani ya simu vinabaki, mradi mutu asiondoe programu ya WhatsApp kwenye hiyo simu. Na usingoje kitu kutoka kwa mashini za WhatsApp kwenyewe: ujumbe ukishafika hawautunzi, ule ambao haujafika unangoja siku 30 tu. Kama wewe ulikuwa umewasha kutunza nakala kwa Google, weka namba yako kwenye simu nyingine, ingia na akaunti ile ile ya Google, itakuuliza kama unataka kurudisha. Wengi wetu hatukuwasha, ama tuliwasha bila media kwa sababu megabaiti ni ghali, lakini kujaribu ni dakika kumi. Kiisha zunguka kwa wengine: mudogo wako, ma tantine, yule ndugu wa Kolwezi, yule wa Lusaka. Waombe wasifute kitu, na wasikutumie moja moja, wakuletee folda. Mara nyingi ni yule mutu ambaye hafutaka kitu kwenye simu yake, yule tunayemugombeza kwamba simu yake imejaa, njo ana zote.

Sasa niongee kidogo juu ya lile neno la papa, kwamba mambo yetu yaliandikwa na Wabelgiji na yako kwao. Papa alikuwa na haki. Makaratasi ya Union Minière, kampuni iliyozaliwa 1906 na kuendesha Katanga karibu yote mpaka ilipotaifishwa mwanzo wa 1967, kiisha ikaja kuwa hiyo Gécamines ya papa, sehemu kubwa iko Bruxelles. Vitu vya bankambo viko Tervuren, kwenye makumbusho yao karibu na Bruxelles, ndani ya vioo. Mutoto wa Likasi akitaka kujua nkambo yake alikuwa anapata posho ngapi kambini anahitaji viza. Hilo linaniuma kila siku na sitalizoea.

Na si makaratasi tu ya kuhesabu shaba. Uliniambia mbele kidogo katika barua yako, sehemu niliyoifupisha, kwamba sauti moja papa anaeleza vile baba yake aliponea kwenye kiwanja cha mpira, hapa muji ukiitwa bado Elisabethville. Bila shaka ni tarehe 9 mwezi wa 12, 1941. Vita ya Ulaya ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu, wafanyakazi wa Union Minière waliomba mushahara uongezwe, wakagoma, wakakusanyika kwenye kiwanja, askari wakapiga risasi. Walikufa makumi ya watu. Namba yenyewe mpaka leo wanaoandika historia hawakubaliani, kwa sababu waliohesabu walikuwa upande wa wenye bunduki. Wale waliokuwa wamelala chini kati ya wafu wakijifanya wamekufa, ama waliopanda ukuta, hao hawakuulizwa na karani yeyote. Waliambia watoto wao. Na mutoto wa mumoja wao, muzee wa miaka zaidi ya sabini, alikaa kwenye kiti siku ya Mungu mangaribi akaiambia simu. Mama, hiyo faili pengine ni dakika nane. Iko kwenye simu yako iliyofungwa kitambaa. Unaelewa kwa nini nilianza kwa kukukataza kuflashi.

Lakini papa hakuwa na haki yote, na ningetamani angekuwa hai nimwambie mwenyewe. Mwaka 1965, wapishi na maboi waliokuwa wanafanyaka kazi nyumbani kwa wazungu, walikuwa na chama chao hapa Lubumbashi, wakaandika historia ya muji huu kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga, kwa mashini ya kupiga, kurasa chache tu. Aliyetia jina ni André Yav. Hawakungoja profesa. Waliandika vile walivyoona bwana zao kutoka jikoni, vile reli ilifika, vile watu walikufa, nani alikuwa muzuri na nani mubaya. Ile kazi leo inasomwa kwenye vyuo vikuu vya dunia kwa sababu nakala moja ilishikwa na mwana-antropolojia, Johannes Fabian, akaichapisha mwaka 1990. Mimi ninachokishika hapo ni hiki: kama wangebaki na karatasi moja tu kwenye sanduku moja Kamalondo, mvua moja ingetosha.

Nalijua hilo kwa sababu lilinipata. Mwaka 1987 papa yangu alikuwa Kamina, barua zilikuwa zinachelewa, akarekodi kaseti, upande wote, akaipa mutu wa treni atuletee. Tulikaa wote chini, mama alikuwa analia na kucheka. Miaka mitatu baadaye nilikuwa na miaka kumi na mine, nilitaka kunasa muziki wa redio, kaseti zilikuwa ghali, nikabonyeza ile vitufe viwili pamoja juu ya sauti ya papa. Mama hakunipiga. Alisema tu "ile ilikuwa ya papa yako". Papa alifariki 1994 na hatuna hata neno moja la mdomo wake. Kwa hiyo nikiona faili ya sauti inafutwa kwa ajili ya nafasi, siwezi kunyamaza, na mudogo wako akikuambia usijisumbue, mwambie jisumbue, mimi nimesema.

Basi tuziweke wapi. Kwanza ukubwa, kwa sababu watu wanafikiri ni kitu kikubwa. Sauti za WhatsApp zinabanwa na mufumo unaoitwa Opus, ambao unabana sana, dakika kumi hazifiki MB 3. Siku za Mungu za miaka mine ni kama 200. Hata kila moja ikiwa dakika kumi, zote pamoja hazifiki MB 600, yaani video mbili tatu za arusi zinachukua nafasi zaidi. Kwa hiyo nafasi si sababu.

Mahali pawe patatu. Moja kwenye kompyuta ama diski ya nje, moja kwenye karte memuare ama flashi disiki ya kweli, si zile za barabarani zimeandikwa GB 512 na ndani ni GB 8, hizo zinakubali kila kitu na hazirudishi kitu. Ya tatu iwe mbali na nyumba yako, kabisa, muji mwingine. Wewe una ndugu Kolwezi, mutumie. Moto, mwizi, mvua ya mwezi wa kwanza, hivyo vitu haviingii Katuba na Kolwezi siku moja. Na hizo karte na flashi disiki usizifungie kwenye sanduku miaka kumi ukafikiri ziko salama, zinatunza vitu kwa umeme mudogo sana unaovuja polepole, kila mwaka uziwashe, usikilize faili mbili tatu, ukopye upya. Siku ya kumbukumbu ya papa, mwezi wa tatu, watoto wote wakikusanyika, njo siku nzuri ya kufanya hivyo.

Watu wataniuliza na Google Drive je, na hizo zingine za intaneti. Ziweke, ni nzuri, lakini ziwe nakala ya nne, zisiwe ya kwanza. Tunakumbuka wote vile ilikuwa kiisha uchaguzi wa mwezi wa 12 mwaka 2018: tarehe 31 intaneti ikakatwa inchi nzima, ikarudi karibu siku ishirini baadaye, mwezi wa kwanza 2019. Mutu aliyekuwa na kila kitu huko juu alikaa mikono mitupu. Na akaunti ya bure ya Google ina GB 15, pamoja na barua zako na picha zako, ikijaa inaacha kupokea na wewe huoni. Tena ukisahau namba ya siri na ile namba ya simu ya kukutambulisha umeshaipoteza, hakuna ofisi Lubumbashi ya kwenda kulalamika.

Na kura yenyewe. Mama, nunua stabilizateri, kile kifaa cha kusawazisha umeme, hata ndogo, na kura ikikatika toa simu kwenye chaji, ngoja dakika tano kiisha kurudi kwake. Papa yako angekuelezea hii vizuri kuliko mimi, alikuwa upande ule ambao kura ilijengwa kwa ajili yake. Mwadingusha kwenye muto Lufira, 1930, Union Minière waliijenga kwa ajili ya fabriki zao. Ile laini ya kutoka Inga mpaka Kolwezi, km 1,700 hivi, ilianza kazi 1982 kwa ajili ya migodi, inapita juu ya vijiji ambavyo watu wanapikia makaa chini yake mpaka leo. Nyumba zetu zilishikizwa pembeni ya kitu kilichokusudiwa wengine, na vifaa vyetu vinalipa.

Kuna kitu kingine nakiwaza kila nikishika bateri ya simu. Ndani yake kuna gramu kadhaa za kobalti. Namna hiyo ya kuchanganya lithiamu na oksidi ya kobalti, John Goodenough na wenzake waliipata Oxford mwaka 1980, na bateri za kwanza Sony ilianza kuziuza 1991. Mwaka huo wa 1980 papa yako alikuwa amefikisha miaka sita Shituru, fabriki inayotoa shaba na kobalti tangu kabla hajazaliwa. Hakuna aliyejua kwamba siku moja sauti yake itabebwa na kitu alichokuwa anakipika. Na leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka huku kwetu. Sina la kuongeza hapo, nilitaka tu ulijue.

Sasa sauti zikishakuwa mkononi, kazi ambayo watu hawaifanyi ni majina. PTT-20220508 inaniambia siku, hainiambii kitu. Wewe leo unajua sauti ni ya papa, unajua "kapita Mulefu" (kapita ni musimamizi wa kazi) aliyemutaja ni nani, unajua kwamba akisema "kule juu" anataka kusema komini Panda ya Likasi. Mutoto wako hatajua. Kwa hiyo kila faili ongeza jina baada ya tarehe, fupi, mufano 2022-05-08 papa, baba yake na kiwanja cha mpira. Ile ya asili iache vile ilivyo, majina weka kwenye nakala. Kisha chukua kayé ya kawaida ya shule, kila sauti mistari mine mitano: anaongea nini, nani wametajwa, wapi, neno gani halieleweki. Kuandika neno kwa neno ni kazi ndefu, dakika kumi za sauti zinakula saa nzima na zaidi, lakini zile tano sita za maana ziandike, na uandike vile alivyosema, Kiswahili chake cha Likasi na Kibemba chake na Kifaransa chake cha kazini, usikitengeneze kiwe cha kitabu. Yale maneno ya kambi, posho, kapita, mashini, njo yeye mwenyewe.

Kama mukikubaliana ndugu wote, zile zinazoongea kazi na muji munaweza kupeleka nakala Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wako watu huko ambao tangu mwaka 2000 wanakusanya kumbukumbu za wakaaji wa muji huu, vitu vyao na maneno yao. Nakala nasema, si asili.

Lakini kuna zingine ningekuomba uziangalie kwa roho. Uliniandikia papa anaongea na politiki. Muzee aliyekuwa Likasi miaka ya 1992 na 1993 aliona vile watu wa Kasai walifukuzwa, majirani na majirani, familia zinalala kwenye gare siku nyingi zinangoja treni. Kama anataja majina ya mutu aliyefanya hivi ama vile, hao watu wana watoto, pengine unakutana nao kanisani. Hiyo usiiweke kwenye status, usiirushe kwenye kikundi. Na usiifute pia! Itunze, iandikie kwenye kayé "ya familia tu", mukae wakubwa mukaisikilize pamoja, mukatafute labda yule aliyetajwa ama mutoto wake, muongee. Papa alikuambia wewe, hakuambia muji wote, na siku nyingine inaweza kufika ambapo mutauambia muji.

La mwisho, juu ya kusikiliza. Unaandika kama mutu mwenye kosa, kwamba hukusikiliza zote. Mama, kukopya hakuhitaji kusikiliza. Unaweza kutoa faili zote, ukaziweka mahali patatu, na ukakaa mwaka bila kufungua hata moja, roho ikiwa bado nzito. Zitakungoja. Na zile ambazo hukuzisikiliza, siku utazifungua papa atakuwa anakuambia kitu ambacho hakukuambia bado.

Simu ya papa kwanza, leo hii. Yako niletee wakati wowote asubui, kabla ya saa sita ambapo kura inakuwa nzuri kwetu. Ukuje na namba yako ya siri kichwani, ukuje na flashi disiki tupu. Chaja uiache nyumbani.